Sharti la Ukurasa wa Pili

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nane kamili mchana, Nevena Doncheva alifungua ofisi ya ushauri wa ajira, akawasha hita na kugeuza kibao cha mlangoni ili upande ulioandikwa "Karibu" utazame nje. Kisha aliketi kwenye meza ya karibu na dirisha, akala nusu ya banitsa, andazi la jibini alilolinunua kituo cha basi, na nusu nyingine akaificha kwenye droo kabla mwanafunzi wa kwanza hajagonga.

Nevena alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha mji wa Ruse, ukingoni mwa mto Danubi. Alisomea uendeshaji wa viwanda. Kazi yake pale ofisini ilikuwa kuwashauri wanafunzi wenzake: namna ya kuandika wasifu, namna ya kujibu kwenye usaili, na mahali pa kuomba mafunzo kwa vitendo. Ofisi iliajiri wanafunzi makusudi. Wengi waliona haya kumwendea mtu mzima mwenye suti na kumwambia kwamba hawajui waanzie wapi, lakini kwa Nevena walikuja bila woga, kwa kuwa walikuwa wakipanga naye foleni ya supu kantini.

Mkuu wa ofisi, Bi Stoilova, alikuwa amewapa washauri wote daftari la kijani. Aliwaagiza kwamba wakiulizwa jambo wasilolijua, waandike swali hilo pamoja na jina la muulizaji, wamwombe arudi kesho yake, kisha wampelekee yeye swali. Mshauri mwenzake Nevena, kijana mpole aitwaye Plamen, alikuwa amejaza zaidi ya nusu ya daftari lake. Wanafunzi walimtania. Walisema ukienda kwa Plamen ubebe na mto wa kulalia, maana utaambiwa urudi kesho.

Kurasa za daftari la Nevena zilikuwa tupu. Hakuwa mvivu, matangazo aliyasoma, tena mengi. Lakini alipenda mno uso wa mtu anayepata jibu papo hapo, na foleni ya mlangoni kwake ilikuwa ndefu kuliko ya mshauri mwingine yeyote. Foleni hiyo aliiona vizuri, kwa sababu ukuta wa upande wa korido ulikuwa wa kioo kitupu.

Siku moja ya mwisho wa Januari aliingia mwanafunzi mwenye theluji mabegani na mvi chache karibu na masikio. Jina lake Stamen Varbanov. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akichomelea vyuma kwenye karakana ya meli, mpaka karakana ilipopunguza watu, ndipo akaamua kurudi shule kusomea uhandisi wa mashine za kilimo. Sasa alikuwa mwaka wa pili. Darasani walimwita kaka Stamen, na wenye utani walimwita babu. Mke wake, Rumyana, alishona nguo kiwandani, na walikuwa na binti wa miaka minane, Boryana.

Stamen alikaa ukingoni mwa kiti, akaweka karatasi mbili mezani.

"Mdogo wangu," alisema, "nina miguu miwili na kila mmoja unavutwa upande wake."

Karatasi ya kwanza ilitoka kwa karakana ya matrekta iliyo kwenye barabara ya Silistra. Walimtaka afanye kazi alasiri, baada ya masomo, na walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Ya pili ilikuwa tangazo la mafunzo kwa vitendo ya miezi sita, nayo pia ya alasiri, katika chumba cha michoro cha kiwanda cha mashine za kupandia mbegu. Stamen alieleza kwamba maisha yake yote alichomelea vitu vilivyochorwa na watu wengine, na kwamba angependa mara moja tu achore yeye. Lakini kulikuwa na jambo lililomtia wasiwasi.

"Mimi si kijana," alisema. "Hawa hawana kikomo cha umri?"

Nevena alikuwa amelisoma tangazo lile wiki moja nyuma. Hakukumbuka kuona habari za umri. Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, naye hakujua kama tangazo lilikuwa na wa pili. Nje ya kioo walisimama watu saba, na mmoja wao alikuwa akitazama saa. Daftari la kijani lilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake.

"Hawana," alijibu. "Kingekuwapo wangeandika."

"Una hakika? Maana hawa wa karakana wanataka jibu Ijumaa."

"Asilimia mia moja, kaka Stamen. Omba."

Waliandika maombi pamoja kwa nusu saa. Stamen alipotoka, Nevena alimwona kupitia kwenye kioo akiwapigia simu watu wa karakana. Alikuwa amevua kofia na kuishika mkononi, kana kwamba mtu wa upande wa pili alikuwa akimwona. Aliongea kwa adabu, akashukuru mara nyingi, akakata. Hivyo ndivyo alivyoikataa kazi ya matrekta.

Jibu la kiwanda lilikuja wiki tatu baadaye. Stamen alimletea Nevena barua hiyo akiwa ameikunja ndani ya kitabu, kama mtoto anayeficha alama mbaya. Ilikuwa na sentensi moja: Tunasikitika kukuarifu kwamba hukukidhi masharti ya mpango huu. Stamen alisema lazima aliandika vibaya. Au labda waliona alama zake za hesabu. Nevena alimwahidi kwamba atatazama ni kwa nini.

Stamen alipofunga mlango, Nevena alifungua tovuti ya kiwanda na kulitafuta tangazo. Lilikuwa na kurasa mbili. Katika mstari wa nne wa ukurasa wa pili paliandikwa kwamba mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini. Aliusoma mstari ule mara tatu.

Alisimama mara moja ili amfuate. Stamen alikuwa bado koridoni, akivaa koti, akiongea na vijana wawili wa darasa lake. Nevena alifika karibu kiasi cha kusikia.

"Nendeni kwa Nevena," Stamen alikuwa akiwaambia. "Mimi nimeharibu mwenyewe, lakini yule binti anajua kazi yake."

Vijana wale wakageuka, wakamwona, wakatabasamu. Nevena naye akatabasamu. Kisha akarudi ofisini kwake, akaketi, akamwita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Jioni ile bwenini alimsimulia Gergana, aliyelala naye chumba kimoja. Gergana alikuwa akichana nywele na hakuacha kuchana.

"Nyamaza tu," alisema. "Yule ni mtu mzima, ana macho yake. Kwani alishindwa kufungua ukurasa wa pili? Wewe si mama yake. Baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka."

Nevena alitamani sana maneno hayo yawe kweli. Kwa hiyo alinyamaza. Alijiambia kwamba atasema Alhamisi, na Alhamisi ilipofika akajiambia kwamba atasema Jumanne. Kila siku iliyopita, jambo lenyewe lilizidi kuwa gumu, kwa sababu sasa angelazimika kueleza si kosa tu, bali pia kwa nini alikuwa amekaa kimya.

Tarehe mosi Machi, siku ambayo watu wa kwetu hufungiana mkononi uzi mwekundu na mweupe kuikaribisha masika, Stamen alipita ofisini. Alisema Boryana alikaa jikoni kutwa nzima akisokota nyuzi, na kwamba mmoja alikuwa ameusokota kwa ajili ya yule dada anayemsaidia baba. Nevena hakuwa na la kufanya ila kunyoosha mkono. Vidole vya Stamen vilikuwa vinene na vyenye makovu ya moto, na alifunga kile kifundo kidogo polepole, ulimi ukichomoza pembeni mwa mdomo. Uzi ule hauvuliwi mpaka mtu amwone korongo wa kwanza, ndege anayerudi na masika. Nevena aliteremsha mkono wa sweta mpaka kwenye vidole, na kuanzia siku hiyo alitembea hivyo, hata mahali penye joto.

Wiki hiyohiyo Bi Stoilova alibandika picha kwenye ukuta wa kioo. Ilikuwa picha ya Nevena akicheka, na chini yake paliandikwa "Mshauri Bora wa Muhula". Sasa kila aliyepita koridoni aliiona picha, kisha akamwona mwenyewe nyuma yake, ameketi. Nevena alijaribu kusogeza meza. Haikusogea, kwa kuwa hita ilikuwa upande mmoja na kabati upande wa pili. Alianza kupita mlango wa nyuma wa jengo ili asikutane na Stamen. Alibadilisha saa za kula. Basi la Stamen lilipokaribia kituoni, yeye aliingia dukani na kujifanya anachagua sabuni.

Baya zaidi ni kwamba alianza kuogopa maswali. Mtu akimuuliza, alihisi kama anasukumwa kwenye barafu asiyojua unene wake. Alijibu "labda", alijibu "inategemea", alijibu "kasome mwenyewe kwenye tovuti". Siku moja alikuja msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ametandika vitanda hotelini pwani ya Varna majira yote ya joto. Aliuliza kama kazi ya namna hiyo inafaa kuandikwa kwenye wasifu. Nevena alijua jibu. Alijua kwamba inafaa sana, na alijua hata namna ya kuiandika. Lakini alisema inategemea, aangalie mwenyewe. Msichana alitoka, na kupitia mlango uliobaki wazi Nevena alimsikia akimwambia mwenzake, "Mbona walisema huyu ni mzuri?"

Katikati ya Machi Bi Stoilova alimwita na kumpa habari aliyodhani itamfurahisha. Alhamisi washauri wapya sita wangekuja kufundishwa, na alitaka Nevena awaeleze jinsi anavyowahudumia watu wengi bila kubabaika. Nevena aliitikia. Akatoka, akaingia chooni, akajifungia na kusimama huku mgongo wake ukiegemea mlango. Alitafuta njia ya kutoka katika jambo lile, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Akimwambia Stamen, angemtazama vipi tena? Akimwambia Bi Stoilova, ile picha ingekuwa kichekesho cha chuo kizima. Akiacha kazi, wangemuuliza sababu. Akiendelea kukaa kimya, Alhamisi angesimama mbele ya watu sita na kuwafundisha uongo. Kila upande aliogeukia palikuwa na ukuta, na kuta zote alikuwa amezijenga mwenyewe.

Jumanne, dakika ishirini kabla ya kufunga, Stamen aliingia. Hakuvua koti. Nevena hakuwa na pa kujificha, kwa kuwa Stamen alikuwa tayari amemwona kupitia kwenye kioo.

Stamen alisema anahitaji msaada wa mwisho. Alitaka kumwandikia mkuu wa kitivo barua ya kuacha chuo.

"Uandishi wangu ndio ulioniangusha mara ya kwanza," alisema, akijaribu kutabasamu. "Safari hii nataka barua iende sawa."

Nevena alichukua karatasi kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya. Aliandika tarehe. Aliandika "Kwa Mkuu wa Kitivo". Aliuliza sababu ni nini.

"Andika kwamba nimejipima, nikaona sina uwezo," Stamen alisema. Halafu akaeleza, akiitazama sakafu. Rumyana hakutaka aache. Walikuwa wamebishana siku tatu mfululizo. Lakini yeye alikuwa amefikiri sana. Wahandisi wa kile kiwanda walikuwa wamemtazama, wakaona hafai, na hawakutaka hata kupoteza wino kumweleza kwa nini. Watu wenye akili kama wale hawakosei. Aliyezeeka kwenye kuchomelea, alisema, abaki kwenye kuchomelea.

Nevena aliandika "nimejipima". Akaandika "nikaona". Alipofika kwenye "sina", kalamu ikasimama.

"Siandiki hili, kaka Stamen."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli." Aliiweka kalamu chini. "Hawakukukataa kwa sababu ya barua yako, wala kwa sababu ya hesabu. Ni umri. Wanataka watu wasiofika miaka thelathini. Imeandikwa kwenye ukurasa wa pili. Uliniuliza, nikakwambia hawana kikomo. Sikuwa nimeusoma ukurasa ule. Sikujua hata kama upo."

Stamen aliitazama kalamu iliyolala mezani. Hita ilikuwa ikitoa sauti ndogo ya kugonga.

"Umejua lini?" aliuliza.

Neno "leo" lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Angelisema, ungebaki uzembe wa siku moja, na yale mengine yote yangefunikwa. Nevena alilisikia neno hilo ndani ya kinywa chake, akalimeza.

"Siku ileile uliyonionyesha barua."

"Wiki tatu," Stamen alisema taratibu. "Wiki tatu namwambia mke wangu kwamba mimi ni mjinga. Na mtoto ananisikia."

Hakupaza sauti. Alisimama, akaichukua ile barua iliyoandikwa nusu, akaikunja mara nne, akatoka. Mlango aliuacha wazi, na baridi ya koridoni ikaingia mpaka kwenye miguu ya Nevena.

Nevena hakuutaka tena mlango wa nyuma. Alipanda ngazi moja kwa moja hadi kwa Bi Stoilova, akagonga, akasimulia yote akiwa amesimama: tangazo, umri, barua, uzi wa Boryana, siku alizojificha dukani. Bi Stoilova alivua miwani na kusikiliza bila kumkatiza. Nevena alitegemea kwamba swali la kwanza lingehusu kazi yake. Halikuhusu.

"Barua ya kuacha chuo ameondoka nayo?"

"Ndiyo, Bi Stoilova."

Bi Stoilova alinyanyua simu, akaongea na karani wa kitivo. Aliomba kwamba Stamen Varbanov akija kesho na barua, wasiipokee kabla hajaonana naye. Alipoweka simu chini, ndipo alipogeuka.

"Sasa wewe," alisema.

Alimwambia kwamba hatakaa kwenye meza ya ushauri mpaka mwisho wa Aprili. Ile picha aibandue mwenyewe. Nevena alikubali yote. Aliuliza kama basi Alhamisi asije, na Bi Stoilova akamtazama kwa mshangao.

"Alhamisi utakuja. Utawaeleza jinsi unavyofanya kazi, kama tulivyokubaliana." Kisha akauliza kwa sauti ya chini kidogo, "Mtu alikataa kazi kwa neno lako. Unataka kufanya nini?"

Nevena alisema ataenda kule karakana ya matrekta aseme kosa lilikuwa lake.

"Mwulize mwenyewe kwanza," alisema Bi Stoilova. "Usimsaidie tena mtu bila kumwuliza anataka nini."

Asubuhi ya Jumatano Nevena alimsubiri Stamen nje ya ukumbi wa mihadhara. Stamen alimwona, na hakusalimia. Nevena alimweleza anachotaka kufanya, akamwomba ruhusa. Vijana walipita katikati yao na mabegi yao, na Stamen alingoja mpaka wapite.

"Nenda ukitaka," alisema. "Mimi siendi kubisha mlango nilioukataa."

Karakana ilikuwa mbali, mahali lami inapoishia na tope jeusi la shambani linapoanza. Mwenye karakana aliitwa Mzee Dobri, mtu mfupi mwenye mafuta ya mashine mpaka viwikoni. Nevena alimweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kujitetea. Mzee Dobri alisikiliza huku akigeuza spana mkononi. Halafu akasema kwamba alikuwa amekasirika siku ile ya simu. Alidhani Stamen ameanza kujiona msomi mno, hataki tena kushika trekta.

"Nafasi yenyewe ilikaa wazi mwezi mzima," alisema. "Nilitafuta mtu, nikakosa. Nimeijaza tarehe mosi Machi."

Nevena alihesabu kichwani. Siku alipouona ule mstari wa nne, nafasi ilikuwa bado ipo. Siku aliyofungwa uzi mkononi na kunyamaza, ndiyo siku ilipokwenda kwa mtu mwingine. Hakulia, lakini ilibidi ageuke na kulitazama trekta lililokuwa karibu.

"Nani kakutuma kuja kusema haya?" Mzee Dobri aliuliza.

"Sijatumwa."

Mzee Dobri alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Alisema hawezi kumfukuza aliyemwajiri; yule hakumkosea mtu. Lakini upandaji wa alizeti ulikuwa umekaribia, na nyuma ya karakana palikuwa na mashine kumi na nne za kupandia mbegu, nusu yake zimevunjika fremu. Wachomeleaji anao. Mchomeleaji anayejua pia kusoma mchoro, na kuchora kipande kipya pale cha zamani kinapokuwa hakipatikani, huyo hajampata. Kazi ingekuwa ya kila alasiri mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo wangeona.

"Mwambie anipigie," alisema. "Yeye, si wewe."

Nevena alimpelekea Stamen ujumbe huo kama ulivyokuwa, bila kuongeza neno. Alimweleza pia kuhusu tarehe mosi Machi, kwa sababu aliona kwamba akilificha hilo, ataanza upya kuficha. Stamen alilisikiliza hadi mwisho, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi alimkuta Nevena kwenye ngazi za kitivo.

"Nimempigia mzee. Naanza Jumatatu," alisema. "Barua ile Rumyana ameitia kwenye moto wa jiko."

Nevena alisema amefurahi. Stamen alitazama kwingine, kisha akamtazama usoni.

"Bado nina hasira na wewe, Nevena. Itapita, lakini si leo."

"Najua, kaka Stamen."

"Ila ungeweza kusema umejua juzi. Nisingegundua." Alivaa kofia yake. "Hilo nimeliona."

Mchana ule washauri wapya sita walikaa kwenye viti vya ofisi, na Plamen alikaa nao nyuma. Kwenye kioo palibaki alama nne za gundi. Nevena alisimama mbele yao na kuwasimulia habari yote tangu mwanzo, na hakusema "mtu fulani" wala "mshauri mmoja", alisema "mimi". Sauti ilimtetemeka mwanzoni. Alipofika kwenye mstari wa nne wa ukurasa wa pili ilikuwa imetulia, na alipomaliza alihisi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kwamba anapumua mpaka chini ya mbavu.

Kijana mmoja mwenye shati jipya alinyoosha mkono. Alisema anamheshimu Nevena, lakini haoni kwa nini alaumiwe kiasi hicho. Stamen ni mtu mzima. Angeweza kusoma ukurasa wa pili mwenyewe. Wengine wawili wakaguna kwa kukubali.

Nevena alimtazama Bi Stoilova, aliyekuwa amesimama karibu na hita.

"Angeweza," alisema Bi Stoilova. "Na Nevena angeweza kutojua. Kutojua si aibu. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na kila siku naulizwa nisiyoyajua. Kujifanya anajua, hilo lilikuwa kosa. Lakini lilikuwa kosa la dakika moja, na siku alipoligundua lingeweza kuponywa kwa simu moja tu, kwa sababu kazi ya karakana ilikuwa bado ipo."

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Kilichokaribia kumtoa yule bwana chuoni ni zile wiki tatu. Mtu akishindwa bila kuambiwa sababu, hakai hivihivi. Anaitafuta. Na mahali pa kwanza anapoitafuta ni ndani yake mwenyewe. Anajiambia mimi mjinga, mimi mzee, mimi sifai, na anaanza kuamini. Kwa hiyo, siku mtakapokosea, na mtakosea, msidhani kwamba mkilificha kosa lenu linabaki kwenu. Kuna mwenzenu analibeba kila siku, akidhani ni lake. Mwendeeni siku ileile, mkalichukue."